Dar hadi Virunga kwa gari: safari inayopangwa kutoka Ngara kurudi pwani

Barabara inayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali ina urefu wa karibu kilomita 1,500, na kila anayeijua huiita ya malori. Haikujengwa kwa ajili ya watembezi. Gari la watalii likifika Chalinze hukunja kulia, likaelekea Kilimanjaro na Serengeti. Makontena, matangi ya mafuta na saruji hunyoosha kwenda Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama mpaka kwenye daraja la Rusumo. Lakini ukitandaza ramani ya Afrika Mashariki mezani na kutafuta barabara ya lami inayoanza kwenye mikoko na kuishia miguuni pa milima ya volkano, huzipati nyingi. Kuna ya Mombasa inayopita Nairobi na Kampala hadi Kabale na Kisoro, na kuna hii. Ile ya Mombasa imeandikwa sana. Hii ya kwetu husimuliwa na madereva wa masafa marefu, nao wana haraka.

Je, inamfaa mtu anayetaka kuendesha gari lake taratibu, na familia yake, kwa ajili ya kuona nchi? Inamfaa, ila si kwa mpango ambao wengi huanza nao. Mpango huo hugawanya kilomita kwa siku: Dar hadi Singida, Singida hadi Kahama, Kahama hadi Kigali. Kwenye karatasi unapendeza. Barabarani unakufikisha Nyakanazi umechoka, huku zimebaki kilomita zaidi ya mia moja za kona na vilima hadi mpakani, na wilaya za Biharamulo na Ngara unazipita ukikodolea macho taa za nyuma za semitrela. Hapo ndipo nchi inapobadilika sura, kutoka misitu ya miombo hadi milima ya nyasi, na hapo ndipo wewe unapokuwa na usingizi. Mimi nashauri kinyume. Anza kupanga pale Ngara: amua utavuka mpaka gani na saa ngapi, usiku wa kabla yake utalala wapi, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka pwani.

Kilomita elfu moja za mwanzo

Hizi nitazipita upesi, kwa sababu hazina fumbo kubwa. Morogoro utaiona Uluguru upande wa kushoto, na ukikaribia Gairo safu za Ukaguru hukaa nawe kwa muda. Baada ya hapo nchi hukauka. Toka Dodoma, Bahi ni tambarare ya mbuga na mpunga iliyolala chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara hupanda ukingo huo kuelekea Manyoni, na huko ndiko utakakopata mandhari ya kwanza ya kukusimamisha. Singida ina mawe yake makubwa yaliyopangana kama yaliyowekwa kwa mkono, na ziwa Singidani lililo kando ya mji. Kisha unateremka Sekenke hadi bonde la Wembere, unavuka Igunga na Nzega, na toka hapo hadi Kahama na Ushirombo ni mwendo wa mashamba ya mpunga na pamba, ng'ombe na mbao. Sitamdanganya mtu: sehemu hii ni ndefu. Anayetaka kuipunguza anaweza kupanda treni ya mwendokasi, ambayo tangu katikati ya mwaka 2024 inafika Dodoma, akapokewa na gari huko. Lakini atakuwa amekosa Ukaguru wakati wa asubuhi.

Kinachowachosha watu katika sehemu hii ni vijiji kuliko umbali wenyewe. Kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya mwembe fulani kuna trafiki mwenye tochi. Dereva wa pwani huhesabu kwamba kilomita mia moja ni saa moja na robo. Kwenye barabara hii hesabu saa mbili, hutajuta. Kulala mara mbili kabla ya Kahama si uvivu. Dodoma na Singida, au Morogoro na Singida kwa aliyetoka Dar akiwa amechelewa, ni mgawanyo unaokuacha na akili ya kutosha kwa siku inayofuata.

Kuna jambo moja dogo la jua ambalo ratiba nyingi hulisahau. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini Ngara iko mbali sana magharibi ya Dar. Jua linalozama Dar baada kidogo ya saa kumi na mbili jioni, Ngara huwa bado liko juu ya vilima, na huzama kama saa moja. Alfajiri nayo huchelewa vivyo hivyo. Ukizoea kutoka saa kumi na moja alfajiri Dar, fahamu kwamba kwa saa hiyo Biharamulo ni giza totoro na malori ndiyo kwanza yanaamka. Ngoja saa moja na robo. Jioni utafidiwa.

Nyakanazi na kuendelea

Nyakanazi ni njia panda iliyogeuka mji. Kushoto ni Kakonko, Kibondo na hatimaye Kigoma; mbele ni Lusahunga. Ni moja ya vituo vikubwa vya ukaguzi wa pamoja wa malori ya nje, sambamba na Vigwaza na Manyoni, kwa hiyo utakuta foleni ya semitrela zenye namba za Rwanda, Burundi na Kongo. Gari dogo halikaguliwi hapo, lakini foleni yenyewe inakupa taarifa ya bure: ikiwa ndefu, ujue malori yaliyoachiwa yanaondoka kwa makundi, na ukiingia katikati ya kundi utapanda milima ya Ngara kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kunywa chai, yatangulie.

Njia ya kuishi na malori hayo hufundishwa na utingo kuliko shule ya udereva. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto huku halikunji popote, dereva anakwambia njia ni nyeupe, pita. Likiwasha ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Mpe shukrani kwa honi fupi ukishapita. Lakini indiketa ya mwenzako si macho yako. Kwenye kona za Nyakahura kuna mahali ambapo hata yeye aliye juu ya kiti kirefu haoni chochote.

Lusahunga ndipo penye uamuzi ambao wengi hawajui kwamba wanaufanya. Barabara kuu inaendelea kwenda Rusumo, umbali wa kilomita 92. Mji wa Biharamulo wenyewe hauko kwenye barabara hiyo; unakunja kulia. Kwa hiyo watu wengi wanaosema wamepita Biharamulo wamepita wilaya, na mji hawajauona. Ni hasara. Mji uko juu ya kilima chenye upepo, wenye boma la Wajerumani la kuta nene, na ukisimama pale jioni unaelewa kwa nini mkoloni alipachagua: anayekuja anaonekana kabla hajafika. Mwaka 1916 Wabelgiji waliotokea Rwanda waliuteka mji huu, na kwa muda mfupi amri ikawa inatoka kwa lugha nyingine. Hii ilikuwa nchi ya Rusubi, ya watemi wa Wasubi, kabla ya yote hayo.

Lami ya Lusahunga–Rusumo ilikuwa imechakaa kiasi kwamba madereva walikuwa wanachagua shimo la kuingia, na imekuwa ikifanyiwa ukarabati mkubwa pamoja na ile ya Nyakasanza hadi Kobero, karibu kilomita 60, inayokwenda Burundi. Uliza hali yake kwa dereva wa basi la Ngara wiki unayosafiri. Jibu lake lina thamani kuliko ramani ya simu, ambayo haijui tofauti ya lami mpya na mchepuko wa vumbi wenye jiwe la ukubwa wa kichwa.

Baada ya Nyakahura ndipo nchi inapoachana na miombo. Miti inapungua, vilima vinakuwa vya nyasi tupu na mabonde yanashuka chini sana, na kwenye mabonde hayo kuna ukungu asubuhi. Vichuguu vinasimama kando ya barabara virefu kuliko mtu. Migomba inaanza kuzunguka nyumba, na nyumba zenyewe hazikai tena kwa mkusanyiko wa kijiji bali moja moja juu ya kilima, kila mtu na shamba lake, jinsi zilivyo Burundi na Rwanda. Kwangu hii ndiyo sababu ya safari. Milima ya volkano ya Virunga ni mikubwa na inajitangaza yenyewe. Ya Ngara inakuja polepole mpaka unashtuka kwamba kwa nusu saa hujaona ardhi iliyolala.

Ila hakuna mahali palipotengenezwa pa kusimama. Hakuna kibao, hakuna uwanja mdogo wa kuegesha gari kwenye kona yenye mandhari, hakuna hata kibanda cha kahawa, katika wilaya inayolima kahawa. Barabara ilipimwa kwa uzito wa ekseli, na mabega yake ni membamba. Halmashauri ya Ngara ingeweza kubadilisha jambo hili kwa sehemu tatu nne za changarawe na choo safi, na sioni kwa nini wafadhili wanaotoa mabilioni ya lami wasiambiwe waongeze na hilo. Mpaka hapo, simama vijijini au Benako, usisimame kwenye kona.

Sifa mbaya na chanzo chake

Mtu mzima ukimwambia unapita Biharamulo na Ngara atakuuliza kuhusu majambazi. Hajakosea, amechelewa tu. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 mapori ya wilaya hizi yalikuwa ya kutisha kweli: mabasi yalingojana ili yasindikizwe na polisi wenye silaha, na pori la Kasindaga, kwenye barabara ya Biharamulo kwenda Muleba, lilitajwa kwa sauti ya chini. Silaha zilizovuka mpaka wakati wa vita za majirani zilikuwa zimepata kazi nyingine. Hali hiyo ilitulizwa kwa doria za muda mrefu na kwa kurudi kwa amani ng'ambo. Leo gari binafsi linapita bila kusindikizwa. Ushauri wa kutoendesha usiku ninaushikilia, lakini kwa sababu ya malori yaliyoharibika bila taa na ng'ombe barabarani.

Msingi wa sifa hiyo ni mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Umoja wa Mataifa ulikuwa haujawahi kuona wingi kama huo kwa kasi hiyo. Mahali walipokaa palikuwa kando ya barabara hii hii, Benako, penye jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Wilaya ya wakulima ikajikuta na mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania, wenye watu waliokimbia na pia, ndani yao, baadhi ya waliofanya mauaji ya kimbari. Mto Kagera ulikuwa unateremsha maiti hadi Ziwa Victoria. Desemba 1996 serikali ilitaka Wanyarwanda warudi kabla ya mwisho wa mwaka, na mamia ya maelfu wakavuka daraja lile lile kwa mguu kwenda walikotoka. Wakimbizi wa Burundi waliendelea kuwepo Lukole kwa miaka mingine mingi.

Benako ya leo ni kituo cha malori. Ukifika saa kumi jioni utawakuta madereva wamefungua sanduku la chuma lililofungwa ubavuni mwa trela, ndani yake kuna jiko la mkaa, sufuria, chumvi kwenye chupa ya soda na mafuta ya kula. Ugali unasongwa kwenye kivuli cha magurudumu kumi na manane. Mama lishe wanauza ndizi na maharage upande wa pili. Hakuna mnara, hakuna kibao. Sisemi pageuzwe pa kutalii, maana msiba wa watu si kivutio. Lakini mzazi anayepita hapo na watoto wake bila kuwaambia neno amepoteza somo la historia ambalo shule haitawapa kwa ukaribu huo.

Historia hiyo inaeleza pia kwa nini utasimamishwa na Uhamiaji hata kabla ya mpaka. Wahangaza wa Bugufi, hapa hapa Ngara, na Warundi wanasikilizana bila mkalimani, na mpaka wenyewe umewahi kusogezwa: baada ya Vita vya Kwanza Waingereza walipewa Gisaka, mashariki ya Rwanda ya leo, kwa ndoto ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo, wakairudisha mwaka 1924, Bugufi ikabaki Tanganyika. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, watu wengi wa Kagera, Kigoma na Geita waliondolewa kama wahamiaji wasio na vibali, na wako waliolalamika kwamba walizaliwa hapa. Kwa hiyo kitambulisho ni jambo zito huku. Beba cha taifa, kiwe cha kwako halisi, na ukiulizwa jibu kwa adabu, "Shikamoo mzee" ikatangulia kama umri unadai. Abiria mwenzako asiye na kitambulisho anaweza kukukalisha nusu siku.

Rusumo au Kabanga

Mipaka ya kuvukia kutoka Ngara ni miwili. Rusumo inakwenda Rwanda, Kabanga inakwenda Burundi kupitia Kobero. Mwaka wa kuchagua kwa moyo bado haujafika, kwa sababu hali ya majirani imeshachagua kwa kiasi kikubwa.

Ndoto ya wengi ni mzunguko: ingia Rusumo, pita Kigali na Huye, shuka Bujumbura kwenye Ziwa Tanganyika, panda Gitega na Muyinga, rudi kwa Kabanga. Ungekuwa mzunguko mzuri kuliko yote Afrika Mashariki. Lakini Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, na mzunguko ukakatika katikati. Burundi kwa safari yake yenyewe inawezekana, ila nchi hiyo imeteswa kwa miaka kadhaa na uhaba wa mafuta. Gari hujaza tangi upande wa Tanzania na hesabu hufanywa ya kwenda na kurudi. Wazo la kupitia Gisenyi kuingia Goma lifute kabisa, kwa kuwa waasi wa M23 waliuteka mji huo Januari 2025. Kwa anayetafuta milima na utulivu, kinachobaki ni Rusumo.

Rusumo yenyewe ni mahali pa kutazama. Mto Kagera, wa rangi ya chai ya maziwa, unabanwa kati ya miamba na kuanguka chini ya daraja. Hapa ndipo Mjerumani von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894. Daraja la zamani la njia moja, la miaka ya 1970, lilikuwa linavukwa na lori moja moja. Jipya, la mita 80, lililojengwa kwa msaada wa Japani pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani, lilifunguliwa Aprili 2016 na marais Magufuli na Kagame. Sehemu ya maji sasa inazungusha mitambo ya megawati 80, inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni maporomoko yanayofanya kazi ya ofisi tatu. Kabla ya kutoa simu upige picha, muulize askari. Kuna daraja, mpaka na mtambo wa umeme mahali pamoja, na vyote vitatu vina walinzi.

Kituo cha pamoja maana yake ni kwamba unasimama mara moja, upande wa nchi unayoingia. Maofisa wa nchi mbili wamekaa jengo moja, mmoja anakutoa na mwingine anakuingiza. Kwa Mtanzania hakuna viza, lakini hati ya kusafiria lazima, iwe pasipoti au hati ya dharura inayotolewa na Uhamiaji. Gari linataka kadi yake halisi, na kama si lako, barua ya mwenyewe iliyothibitishwa na mwanasheria. Linataka pia bima ya kuvukia mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa bima, kwa hiyo kampuni yako ya bima mjini inaweza kukukatia. Ikate mjini. Inayokatwa kwa haraka mpakani, karibu na madalali wanaokuita "bosi", ndiyo inayokugombanisha na mkeo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mfukoni. Mwenye wageni kutoka Ulaya au Marekani akumbuke kwamba viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda haihusu Tanzania. Watahitaji na ya kwetu kando.

Nalo suala la afya liandaliwe bila hofu. Virusi vya Marburg vilizuka Bukoba Vijijini Machi 2023, na Januari 2025 vikazuka Biharamulo kwenyewe. Mlipuko huo wa pili ulitangazwa kwisha Machi 13, 2025. Vipindi kama hivyo mpaka huwa na vipima joto na maswali mengi. Fuatilia matangazo ya Wizara ya Afya wiki mbili kabla ya kuondoka, na mapango yenye popo, ambayo mtu atakuelekeza kwa furaha kabisa, yaache.

Ukishavuka daraja mambo mawili yanabadilika papo hapo. Saa inarudi nyuma: saa nne asubuhi ya Ngara ni saa tatu ya Kirehe, na umepewa saa nzima ya mchana bila kulipa. Na unahamia kulia. Kuendesha upande wa kulia na usukani wa kulia si kugumu, ila kupita gari ndiko kwenye hatari: wewe dereva umekaa pembeni ya barabara, lori lililo mbele limekuziba, na anayeona mbele ni abiria wako wa kushoto. Mchague mapema. Awe mtu asiyesinzia na asiyeogopa kusema "bado". Kama mligombana jana usiku, pataneni kabla ya Rusumo. Zile indiketa za madereva wa malori nazo sasa zinasomeka kinyume, kwa hiyo usizifuate kwa mazoea. Mwendo Rwanda ni wa chini na kamera zipo kweli. Mifuko ya plastiki ni marufuku tangu 2008, na kwetu tangu Juni 2019, kwa hiyo aliyezoea kwetu hatashangaa.

Msimu

Hapa ndipo mipango mizuri huharibika, kwa sababu safari hii inapita hali ya hewa zaidi ya moja. Dodoma na Singida wana mvua moja, takriban Desemba hadi Aprili. Nje ya hapo nchi ni kahawia. Kagera na Rwanda wana mbili: vuli kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na masika Machi hadi Mei. Anayesafiri Aprili atapata Manyoni ya kijani na Virunga iliyozama mawinguni. Anayesafiri Agosti, likizo ya wengi, atapata barabara kavu, lakini mbuga zinachomwa moto kila upande na hewa imejaa moshi na vumbi, hata milima ya Ngara inaonekana kama iliyochorwa kwa penseli hafifu.

Kwangu Juni ndiyo bora. Masika yameisha, nyasi za Ngara bado zina rangi, hewa imeoshwa na moto haujaanza. Ya pili ni mwishoni mwa Januari na Februari, kipindi kifupi cha jua kati ya mvua mbili za Kagera, ambapo Kanda ya Kati nayo imependeza. Huko kuna hatari ya mvua ya ghafla, ila mvua ya Ngara ikishapita unaona kilima cha tatu na cha nne nyuma ya kile ulichofikiri ni cha mwisho. Baridi ipo misimu yote. Sehemu kubwa ya Ngara iko kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya bahari. Mtu wa Kigamboni abebe sweta.

Usiku wa kabla ya mpaka

Turudi kwenye uamuzi ule wa kwanza. Usiku huo una nafasi tatu. Kahama ina hoteli nyingi za fedha za dhahabu, lakini iko mbali mno na mpaka. Biharamulo inakupa boma, kilima, na karibu yake Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, eneo la kilomita za mraba 4,707. Ni miongoni mwa hifadhi kubwa nchini na ni miongoni mwa zisizo na wageni. Wanyama wanaongezeka taratibu baada ya miaka ya ujangili na mifugo, na uzuri wake mkuu ni ziwa Burigi na vilima vinavyolizunguka. Anayetaka simba wa kuhesabu asiende. Ngara mjini ni nafasi ya tatu, gesti za kawaida, chakula cha ndizi na maharage, mji juu ya mgongo wa kilima ambako asubuhi unaliangalia wingu likiwa chini yako.

Nachagua nyusiku mbili, moja Biharamulo na moja Ngara. Hapo ndipo mpango wa kurudi nyuma unapojilipa: Ngara hadi Rusumo ni mwendo mfupi, unafika mpakani asubuhi ukiwa umelala, maofisa hawajachoka, na Rwanda umeingia ukiwa na mchana mzima.

Mchana huo utautumia vizuri ukipita Kirehe bila haraka. Nyakarambi, kando ya barabara, akina mama wa ushirika wanatengeneza imigongo: kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kikafinyangwa kwa vidole kuwa mistari iliyoinuka juu ya ubao, kikakauka, kikasuguliwa kwa jiwe na kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ni sanaa ya Gisaka, ile ile iliyokuwa Tanganyika kwa miaka michache. Toka Kayonza unaweza kukunja kwenda Akagera, hifadhi inayotazamana na Karagwe kwa ng'ambo ya mto. Faru weusi wa kwanza wa Akagera walitoka Karagwe miaka ya 1950, wakaisha, mwaka 2017 wakaletwa wengine kutoka Afrika Kusini. Uzio, simba waliorudishwa 2015 na uendeshaji wa African Parks vimeifanya hifadhi ndogo kuliko Burigi ipate wageni wengi kuliko Burigi. TANAPA wanaweza kwenda kujifunza kwa gari, asubuhi, na kurudi jioni.

Kigali hadi Musanze ni kama kilomita mia moja za kona, na mwishoni zinasimama Muhabura, mita 4,127, na Karisimbi, mita 4,507, kama wingu halijaamua vingine.

Kurudi

Usirudi ulikopita. Kutoka Musanze, mpaka wa Cyanika uko karibu; unaingia Uganda, unarudi kushoto, unapita Kisoro, Kabale na Mbarara hadi Mutukula, na kwa Mutukula uko Kagera tena, Kyaka na Bukoba na Biharamulo. Kumbuka Gatuna, mpaka mkubwa wa Rwanda na Uganda, ulifungwa karibu miaka mitatu, 2019 hadi 2022, kwa hiyo hakikisha hali wiki hiyo. Toka Biharamulo unashika Geita na Busisi, ambako hadi katikati ya 2025 ungepanga foleni ya kivuko. Sasa kuna Daraja la JP Magufuli, kilomita tatu juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 19, 2025, na unavuka kwa dakika chache kuelekea Mwanza. Kwa njia hiyo Biharamulo unaipita mara mbili, kwa pande mbili tofauti. Ukilala boma wakati wa kwenda, wakati wa kurudi lala Bukoba ziwani, kisha lipite pori la Kasindaga mchana.